Jenotaipu na kundi la damu: Somo ambalo vijana wa Ukambani hulipata nusunusu simuni

"WEWE ni AA au AS?" Miaka 20 iliyopita swali hili lingemwacha kinywa wazi kijana wa Mwingi au Wote. Leo limezoeleka miongoni mwa vijana wanaoshinda katika mitandao ya kijamii, na aghalabu chimbuko lake si darasa la bayolojia bali ni filamu na video fupi kutoka Nigeria, nchi ambako wachumba wengi huulizana jenotaipu kabla ya posa na ambako baadhi ya makanisa hudai cheti cha maabara kabla ya kufungisha ndoa.

Swali lenyewe ni jema. Kasoro ni kwamba limesafiri bila maelezo yake. Wapo wanaodhani kwamba AA ni kundi la damu A lililoandikwa mara mbili. Wapo pia walioaminishwa kwamba watu wa kundi moja la damu, mathalani wawili wenye O, hawafai kuoana. Madai hayo si ya kweli, nayo yana gharama. Uchumba uliokwisha kupelekewa mbuzi wa ntheo unaweza kuvunjika kwa hofu isiyo na msingi, ilhali wawili wengine wenye sababu halisi ya kupimwa wakaoana pasipo kujua lolote kwa kuwa wote ni "O" na wameambiwa O ni salama.

Mambo mawili tofauti

Makundi ya damu yaligunduliwa na daktari Karl Landsteiner jijini Vienna mwaka 1901. Yanahusu alama zilizo juu ya ngozi ya chembe nyekundu. Mwenye alama A ni wa kundi A, mwenye B ni wa kundi B, mwenye zote mbili ni AB, na asiye na yoyote ni O. Manufaa makubwa ya kujua kundi ni wakati wa kuongezewa damu. Kundi la damu halimfanyi mtu awe mgonjwa wala mzima.

Jenotaipu inayozungumziwa na vijana ni jambo la ndani ya chembe. Inahusu himoglobini, protini nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni. Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Jeni ya kawaida hupewa herufi A. Jeni yenye hitilafu hupewa S, herufi ya kwanza ya jina la Kiingereza la mundu. Aliyepata A kwa wazazi wote wawili ni AA. Aliyepata A kwa mmoja na S kwa mwingine ni AS, yaani mbebaji, naye kwa kawaida huishi maisha yake yote bila ugonjwa. Aliyepata S mbili ni SS, na huyo ndiye mwenye maradhi ya seli mundu. Zipo aina nyingine, kwa mfano S ikikutana na C, jeni inayopatikana zaidi Afrika Magharibi, nazo pia huleta maradhi.

Mwenye O anaweza kuwa AA, AS au SS. Vivyo hivyo mwenye A, B au AB. Kadi inayoonyesha kundi la damu haisemi chochote kuhusu jenotaipu.

Hitilafu yenyewe ni ndogo kupita kiasi. Mwaka 1957 mtafiti Vernon Ingram wa Cambridge alionyesha kwamba himoglobini ya S inatofautiana na ya A kwa kiungo kimoja tu cha protini, katika nafasi ya sita ya mnyororo wenye viungo 146. Lakini kiungo hicho kimoja hufanya himoglobini zishikamane oksijeni inapopungua, na chembe iliyokuwa laini na duara hujipinda kama mundu wa kukatia nyasi. (Mkamba husikia neno hili kwa namna yake, kwa kuwa katika Kikamba mũndũ ni mtu.) Chembe zilizopinda hukwama katika mishipa myembamba, zikaleta maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo. Tena hazidumu. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120, lakini ya mundu huishi kati ya siku 10 na 20, na ndiyo sababu mgonjwa huwa na upungufu wa damu na macho ya manjano.

Moja kwa nne

Hapa ndipo video ya nusu dakika inaposhindwa. Nyingi husema tu kwamba AS na AS "wasioane", au kwamba watoto wao wanne mmoja atakuwa mgonjwa. Kauli ya pili imekosewa kwa namna inayoumiza.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa AA, mbili kati ya nne ya kuwa AS, na moja kati ya nne ya kuwa SS. Nafasi hiyo huanza upya kila mimba. Haihesabu watoto waliotangulia. Mama aliyejifungua mtoto mwenye SS hawezi kujifariji kwamba "zamu" imepita na kwamba watatu wanaofuata watakuwa salama. Wala mwenye watoto watatu wazima halazimiki kuamini kwamba wa nne atakuwa mgonjwa. Ni kama kurusha sarafu, kwa maana sarafu haikumbuki ilivyoanguka jana.

Ukifuatisha hesabu hiyo, kati ya familia 100 za AS na AS zenye watoto wanne kila moja, takriban 32 hazitakuwa na mtoto hata mmoja mwenye SS. Nyingine zitakuwa na mmoja, wawili au zaidi. Jirani anayesema "mimi na mume wangu sote ni AS na watoto wetu hawana tatizo" huenda anasema kweli, lakini ushuhuda wake haumwondolei mwenzake nafasi ile ya moja kwa nne.

Ndoa nyingine zina hesabu nyepesi. AA na AS hawawezi kupata mtoto wa SS, ila kila mtoto ana nafasi ya nusu ya kuwa mbebaji. AA na SS watapata watoto wote AS. AS na SS wana nafasi ya nusu kwa nusu, kila mimba, ya kupata mtoto mwenye SS. Kwa hivyo anayejua kwamba yeye ni AA hana haja ya kumkimbia mchumba yeyote kwa sababu ya seli mundu.

Mbu ndiye mwamuzi

Kwa nini jeni yenye madhara namna hii haikutoweka zamani? Jawabu lilipatikana hapa Kenya. Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alirejea nchini mwaka 1949 akiwa na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kuelekea Mlima Kenya. Akakusanya damu za watu wa jamii mbalimbali. Aligundua kwamba katika pwani na karibu na Ziwa Victoria wabebaji wa S walizidi asilimia 20, lakini katika nyanda za juu hawakufika hata asilimia moja. Ramani ya jeni hiyo ilifanana na ramani ya malaria.

Mwaka 1953 alifanya jaribio jijini Nairobi ambalo leo halingeruhusiwa na kamati yoyote ya maadili. Watu wazima 30 waliojitolea, 15 wakiwa wabebaji na 15 wasio wabebaji, waliambukizwa malaria kisha wakatibiwa. Miongoni mwa wasio wabebaji, 14 walionekana na vimelea. Miongoni mwa wabebaji walikuwa wawili tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954, na tafiti za baadaye, zikiwemo za Kilifi, zimethibitisha kwamba AS humkinga mtoto dhidi ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Mwenye SS hana kinga ya namna hiyo. Kwake malaria ni miongoni mwa wauaji wakubwa.

Kitui na Makueni ziko baina ya ramani hizo mbili. Vilima vya Mbooni na Kilungu ni baridi na mbu ni wachache. Nyanda kame za Kitui hupata malaria ya msimu, mvua zinapokuja. Lakini bonde la Kibwezi lina historia nyingine. Wamishonari wa Kiskoti waliojenga kituo chao hapo mwaka 1891 walilazimika kukihamishia Kikuyu mwaka 1898, na homa ilikuwa miongoni mwa sababu kuu zilizowafukuza.

Kwa hivyo haishangazi kwamba Ukambani hautajwi sana seli mundu inapozungumziwa, tofauti na Nyanza, Magharibi na Pwani. Ila jeni haikai mahali pamoja, na Wakamba hawajawahi kukaa mahali pamoja. Misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19, ukiwemo wa Kivoi wa Kitui aliyempokea Ludwig Krapf mwaka 1849, ilifika Mombasa na kurudi. Familia nyingi zilihamia Rabai na Kwale nyakati za njaa. Reli na barabara ya Mombasa zimejaza Makindu, Kibwezi na Mtito Andei watu wa kila kabila. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichopo Kwa Vonza, Kitui, hupokea wanafunzi kutoka kila kona ya nchi.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Ikiwa mbebaji ni mmoja kwa kila watu 100, ndoa ya wabebaji wawili hutokea mara moja katika ndoa 10,000. Ikiwa upande mmoja unatoka sehemu yenye wabebaji 20 kwa 100, huwa moja katika ndoa 500. Pande zote mbili zikitoka sehemu hiyo, huwa moja katika ndoa 25. Mfanyakazi wa mashamba ya mkonge ya Kibwezi ambaye wazazi wake walitoka Siaya, na mke wake mwenye babu wa Kilifi, hawapaswi kujihesabu kwa kiwango cha Mbooni kwa sababu tu wanaishi Makueni.

Mila ya Wakamba inayomkataza mtu kuoa katika mbaĩ yake, Atangwa kwa Atangwa au Aombe kwa Aombe, ina hekima ya kuepusha jeni za ukoo mmoja kukutana. Hata hivyo, jina la mbaĩ hufuata baba ilhali jeni hufuata wazazi wote wawili, na watu wasio na undugu wowote wanaweza kuwa wabebaji.

Kadi iliyovunja nyumba

Kundi la damu nalo lina fitina zake. Kuna kisa cha aina moja ambacho hujirudia katika familia nyingi: baba ni A, mama ni B, mtoto anapimwa hospitalini anaonekana ni O. Baba anatafuta mtandaoni, anakutana na mtu anayesema mtoto "lazima" afuate kundi la mzazi mmoja, na usiku huo nyumba haina amani.

Baba wa kundi A huenda amerithi A na O. Mama wa kundi B huenda amerithi B na O. O hujificha nyuma ya A au B, lakini bado humfikia mtoto. Wazazi hao wanaweza kupata watoto wa makundi yote manne, A, B, AB na O, na wote wakawa wa baba mmoja. Kadhalika wazazi wawili wa kundi A wanaweza kupata mtoto wa O. Kisichotarajiwa ni wazazi wawili wa O kupata mtoto wa A au B, au mzazi wa AB kupata mtoto wa O, na hata hapo makosa ya maabara na hali adimu huchunguzwa kabla ya kumshutumu mtu.

Jambo moja la kundi la damu lina uzito kwa wanandoa, nalo ni alama ya Rh. Mama asiye nayo, anayeandikiwa alama ya kutoa, akibeba mimba ya mtoto aliye nayo, mwili wake unaweza kutengeneza askari watakaoshambulia damu ya mtoto wa mimba zinazofuata. Dawa ipo. Ni sindano ambayo hutolewa wakati wa ujauzito, na tena katika muda wa saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye alama hiyo. Haihitaji kuvunja ndoa.

Simu na kitabu

Uchunguzi wa Taasisi ya Reuters wa mwaka 2023 uliiweka Kenya mbele ya nchi zote ulizohusisha kwa matumizi ya TikTok. Asilimia 54 ya waliohojiwa mtandaoni waliitumia kwa jambo lolote, na asilimia 29 kwa kupata habari. Watafiti wa MIT waliochunguza habari 126,000 zilizosambazwa kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017 walikuta kwamba uongo ulikuwa na uwezekano wa asilimia 70 zaidi wa kusambazwa kuliko ukweli. Uongo huwa na shani, na shani ndiyo inayoshirikishwa.

Kuhusu kusoma kwenyewe, ushahidi si wa upande mmoja kama wazee wanavyopenda kusema. Mwaka 2018 wataalamu waliunganisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Wakaona kwamba watu huelewa vyema zaidi maandishi ya karatasi kuliko ya kioo, hasa maandishi ya maarifa na hasa msomaji anapokuwa na haraka. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Utafiti mwingine wa Chuo Kikuu cha Valencia, mwaka 2023, ulionyesha kwamba kusoma kidijitali kwa burudani hakumjengi sana mtoto wa shule ya msingi, na huenda hata kukamrudisha nyuma kidogo, lakini kwa mwanafunzi wa umri mkubwa husaidia kidogo.

Kwa maneno mengine, hadithi ya mapenzi husomeka simuni bila hasara. Jedwali la urithi wa jeni, ambalo humtaka msomaji arudi nyuma, achore visanduku vinne na kuhesabu, ndilo linaloumia.

Si mara ya kwanza Ukambani kulaumiwa kwa usomaji wa vijana. Katika miaka ya 1970 vitabu vya David Maillu vilifichwa chini ya madawati na kulaaniwa na walimu, na mwaka 1976 vikapigwa marufuku Tanzania. Malalamiko wakati huo yalikuwa kwamba vijana wanasoma mambo mabaya. Siku hizi ukimwona mwanafunzi amefungua riwaya nzima chini ya dawati, huenda mwalimu akafurahi.

Jenetiki katika mfumo wa 8-4-4 hufundishwa Kidato cha Nne, kwa hivyo aliyeacha shule mapema hakuwahi kuifikia. Katika mtaala mpya wa umilisi, ambao wanafunzi wake wa kwanza waliingia Gredi ya 10 mwaka 2026, bayolojia ni somo la kuchagua. Vijana watakaoikosa darasani watabaki na simu, na kwa kijana wa Ikutha au Kyuso asiye na maktaba karibu, simu hiyohiyo ndiyo pia njia ya pekee ya kufikia makala kamili ya wataalamu. Shida ni kwamba video hujileta yenyewe, ilhali makala lazima itafutwe.

Kipimo cha kuomba

Anayekwenda hospitali, iwe ya rufaa ya Kitui au ya Makueni mjini Wote, aombe kipimo cha himoglobini, si "kipimo cha damu" tu, maana anaweza kupewa kundi la damu na kurudi nyumbani akidhani amejua jenotaipu. Kuna kipimo rahisi kinachoonyesha kama S ipo au haipo. Hicho hakitofautishi AS na SS, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kudanganya. Kipimo kinachotofautisha ni elektroforesi, inayozitenga himoglobini kwa nguvu ya umeme, mbinu ileile ambayo Linus Pauling na wenzake waliitumia mwaka 1949. Aliyeongezewa damu karibuni asubiri takriban miezi mitatu, la sivyo atapimiwa damu ya mfadhili.

Wachumba wanaojikuta wote ni AS hawana jibu moja. Saudi Arabia ililazimisha upimaji kabla ya ndoa tangu mwaka 2004, lakini uamuzi wa kuoana ukaachiwa wenyewe. Wapo wanaoachana. Wapo wanaooana na kujiandaa, na maandalizi ya leo si ya mwaka 1954. Penisilini tangu miezi ya kwanza, chanjo ya kichomi ambayo Kenya iliianzisha mwaka 2011, dawa za kuzuia malaria na chandarua huokoa watoto ambao zamani hawakufikisha miaka mitano. Dawa ya haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 mjini Luanda, Kinshasa, Mbale na Kilifi. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kupungua kwa maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo. Tiba ya kurekebisha jeni iliidhinishwa Marekani Desemba 2023 kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, bei ambayo kwa sasa inaiweka mbali na hospitali yoyote ya kaunti.

Makadirio ya kimataifa yanasema watoto takriban 515,000 walizaliwa na seli mundu mwaka 2021, zaidi ya robo tatu yao Afrika kusini mwa Sahara. Mtoto wa aina hiyo huzaliwa akiwa na afya njema, kwa kuwa himoglobini aliyokuwa nayo tumboni bado humlinda. Kinga hiyo huisha kidogo kidogo katika miezi sita ya kwanza. Mara nyingi dalili ya mwanzo ambayo mama huiona ni vidole vya mikono na miguu kuvimba vyote kwa pamoja, mtoto akilia anapoguswa, bila ya kuwa ameanguka wala kuumwa na mdudu. Mtoto huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na kipimo cha himoglobini kiombwe kwa jina lake.